Mhariri, si kila gari la mikoani linataka kashata kubwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu yenu ya magari. Wiki mbili zilizopita aliwashauri wenye pikapu na magari makubwa huku mikoani wafunge matairi ya kashata kubwa, yaani yenye vinundu vikubwa vya mpira, yale ya matopeni, kwa maelezo kwamba ndiyo yanayodumu kwenye barabara zetu. Gazeti lenyewe lilinifikia hapa Tabora likiwa limefungia maandazi, lakini nililisoma lote mpaka pale mafuta yaliponizuia.

Mimi nilishayafunga hayo matairi. Nikajuta.

Nafanya biashara ya asali. Naikusanya Sikonge, Ipole na huko ndani Kitunda, msimu mwingine Urambo, naichuja nyumbani Tabora na nyingine naipeleka Nzega kwa mteja wangu. Gari ni Hilux ya milango minne aliyoniachia marehemu mume wangu mwaka 2016, na leo mita yake inasoma kilomita 412,000 na ushee. Watu wananishauri niliuze. Nawaambia wakishanunua la kwao watalipangia wao. Tangu nililipokea ninaandika kila lita ya dizeli na kila tairi kwenye daftari la hesabu, kwa hiyo haya ninayosema sikuyaokota kijiweni.

Anachosahau mwandishi wenu ni kwamba mikoani ya leo si ile ya baba zetu. Baba yangu aliendesha lori la tumbaku kutoka Urambo enzi za vumbi tupu. Matairi yalikuwa ya tyubu, mengi yakitoka kile kiwanda cha Arusha ambacho baadaye kilisimama, na sikumbuki hata moja lililowahi kuisha kashata. Lilichanwa na kisiki, lilitobolewa na jiwe, lilipasuka ubavu, likashonwa, likarudi kazini, likapasuka tena. Tairi la baba lilikufa kwa kidonda. Siku hizi Tabora hadi Nzega ni lami, Tabora hadi Urambo ni lami, Sikonge unateleza hadi Mpanda. Gari linakwenda mwendo wa themanini saa nzima bila kupumzika, jua la Oktoba linachoma, mzigo umejaa nyuma. Tairi langu linakufa kwa kusagika na kwa joto. Mwaka jana nilitembea kilomita 22,300, na nilipojumlisha safari moja moja nikakuta karibu kilomita nane katika kila kumi ni za lami. Nami najihesabu mtu wa porini!

Sasa kashata kubwa kwenye lami zinafanyaje? Kati ya kinundu na kinundu kuna nafasi pana, ndiyo inayotema tope. Kwenye lami nafasi hiyo ni hasara. Mpira unaogusa barabara ni mchache, uzito wote unabebwa na vinundu vichache, na kila gurudumu linapozunguka vinajipinda, vinapata moto, vinalika. Usidanganywe na kina chake. Lina mpira mrefu zaidi kweli, lakini linautumia ovyo. Halafu linavuma. Dereva wangu alikuwa akiongeza sauti ya redio mpaka tukifika Tabora masikio yamekufa ganzi.

Yale ya kwanza niliyanunua Septemba 2017, manne, kila moja Sh290,000. Jumla Sh1,160,000. Yaliisha Machi 2019 baada ya kilomita 31,400. Gawanya mwenyewe: karibu shilingi 37 kwa kila kilomita. Msomaji mjanja atasema labda gari lilikuwa bovu. Ni kweli, kwa sehemu. Tairodi ya kushoto, kile chuma kinachoelekeza gurudumu la mbele, ilikuwa imelegea bila mimi kujua, na yale mawili ya mbele yalilika upande wa ndani mpaka nyuzi zikaonekana. Lakini ya nyuma hayakuwa na tatizo hilo, nayo yalikuwa hoi.

Hapo ndipo nikafanya kosa la pili, ambalo ndilo lililonifundisha.

Fedha ilikuwa imepungua, ada za watoto zimekuja, nikaenda kwa muuzaji wa mitumba. Duka silitaji. Alinionyesha matairi manne meusi yanayong'aa kama viatu vya askari wa gwaride, kashata nene, Sh130,000 kila moja. Gari langu linatumia saizi 265/65R17, yaani upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, kisha rimu kwa inchi. Haya yalikuwa 235/65R17. Nilipouliza akaniambia, "Mama, rimu si ni hiyohiyo kumi na saba? Yanaingia." Na kweli yaliingia.

Oktoba mwaka huohuo, saa nane mchana, tulikuwa tunarudi kutoka Sikonge na ndoo 24. Hapa naomba niweke jambo moja wazi kwa wasiobeba asali. Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20. Ya asali ina kilo 28. Watu wanapakia kwa kuhesabu ndoo, gari linabeba kwa kilo. Ndoo 24 ni kilo 672, ongeza dereva, mimi, na kijana wa kubeba mizigo aliyekuwa amelala kiti cha nyuma. Kwanza nilisikia kitu kinapigapiga chini ya bodi, pa-pa-pa-pa, nikadhani kamba ya turubai imefunguka. Sijamaliza kumwambia dereva apunguze, mlio mkubwa, gari likavutwa kushoto, likapanda ukingo wa barabara, likasimama limeinama. Mungu alisaidia hapakuwa na lori mbele yetu.

Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limebanduka ngozi yote ya juu, kama ganda la muhogo uliochemshwa, nyaya zimetoka nje kama ndevu. Ngozi yenyewe tuliikuta mita mia hivi nyuma yetu. Niliichukua nikaingiza kidole kwenye mifereji yake, na bado ilikuwa na kina kizuri kabisa. Lile tairi lilikufa na meno yake yote.

Ndoo tatu zilipasuka. Asali ikachuruzika kutoka kwenye bodi hadi kwenye lami, na lami ya saa nane ilivyo ya moto, harufu ikasambaa porini kama tangazo. Nusu saa haikupita. Walitangulia nyuki wawili watatu, wapelelezi, wakazunguka kwenye bampa, wakaondoka. Kisha likaja wingu. Kijana yuko chini ya gari anafungua spea, jeki imesimama, hawezi kutoka wala kukaa. Dereva akakusanya majani mabichi na mavi makavu ya ng'ombe, tukawasha moshi, tukakohoa wote, nyuki na sisi. Nimenunua asali miaka mingi lakini sijawahi kudaiwa na wenyewe hadharani namna ile. Spea nayo tulipoishusha ilikuwa na mipasuko midogomidogo ubavuni kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Tulirudi Tabora mwendo wa arobaini, kimya.

Kesho yake nililipeleka lile tairi kwa fundi wangu wa pancha pale Isevya, mzee wa Kinyamwezi ambaye hazungumzi mpaka umsalimie vizuri. Nikamwambia mwangaluka, akaitikia, akamimina maji ubavuni mwa tairi, akasugua kwa kitambaa, akapitisha chaki nyeupe juu ya herufi DOT na tarakimu zilizofuata. Nne za mwisho zikajitokeza: 1411.

"Hili lilizaliwa wiki ya 14 ya mwaka 2011. Mama Asali, ulilinunua lini?"

"Machi mwaka huu, babu."

"Basi uliuziwa mzee aliyepaka piko."

Akanionyesha na jambo la pili, namba iliyofuata baada ya saizi. Kwenye matairi ya saizi yangu imeandikwa 112 kisha herufi. Kwenye lile la mtumba iliandikwa 104. Namba hiyo ni ya mzigo, inasoma kwa jedwali: 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, na 104 ni kilo 900. Kwa matairi mawili ya nyuma nilikuwa nimejipunguzia kilo 440 za uwezo, kisha nikaongeza asali. Herufi inayofuata ni ya mwendo, S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190. Hiyo mimi hainihusu, dereva wangu akifika mia moja nashuka.

Na kuna uongo mwingine mdogo uliojificha hapo. Tairi la 235/65 ni fupi kuliko la 265/65, kipenyo chake kinapungua karibu milimita 39. Likiwa fupi linazunguka mara nyingi zaidi kwa safari ileile, na mita ya gari inahesabu mizunguko, haioni barabara. Mita iliniandikia kilomita 11,900 mpaka siku ya nyuki. Ukipunguza asilimia tano nilitembea kama 11,300. Matairi manne Sh520,000, kwa hiyo ni shilingi 46 kwa kilomita. Rahisi kuliko yote dukani, ghali kuliko yote kwenye daftari, na hapo sijaweka ndoo tatu za asali.

Wiki iliyofuata nilikopa kwenye kikoba chetu, nikaenda na yule mzee dukani. Hakuuliza bei kwanza. Aliinama kwenye kila tairi akasoma ubavu, mawili akayarudisha kwa sababu yalikuwa yamekaa stoo miaka minne, akasubiri mpaka yakatolewa mengine. Tulichukua manne ya Kijapani yenye herufi H/T, yaani ya barabara kuu, mifereji myembamba inayonyooka na mpira mwingi ulioshikana. Kuangalia hayana sura. Jirani yangu aliuliza kama nimefunga matairi ya teksi. Tarakimu zake 2819, wiki ya 28 ya mwaka uleule. Sh520,000 kila moja, jumla Sh2,080,000, na nakiri mkono ulitetemeka wakati wa kuhesabu.

Niliyavua mwaka 2023 yakiwa yamekwenda kilomita 78,600. Ni shilingi 26 na nusu kwa kilomita. Na sikuyavua yakiwa vipara. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira vilivyowekwa na kiwanda. Kashata ikishuka ikalingana navyo zimebaki milimita 1.6, na hapo tairi limekwisha. Mimi nina kijiti cha kiberiti nimekichora kwa peni, nakichomeka kwenye mfereji. Mvua za Novemba zilikuwa zinakuja, zimebaki kama milimita tatu, nikaona nisishindane na maji barabarani.

Lakini nisingependa mtu akimbilie dukani akadhani H/T ni dawa peke yake. Matairi yaleyale ningeyaacha kama nilivyoacha ya kwanza yasingefika hata nusu. Kila kilomita 8,000 ya mbele yanakwenda nyuma na ya nyuma yanakuja mbele, kwa sababu ya mbele ndiyo yanayogeuka na kulika mabegani. Nikibadilisha tairodi au bushi lazima alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yatazame mbele sawasawa. Yule mzee ana kipimo chake ambacho hakihitaji mashine: anapitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje, taratibu, kama mtu anayempapasa mbuzi. Upande mmoja kukiwa laini na ukirudi kunakwaruza kama msumeno, magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Nilimwomba anifundishe. Sasa nafanya kila nikisimama kununua karanga, na abiria wa mabasi wananishangaa.

Upepo ndio ulionisumbua zaidi. Nilizoea kujaziwa na kijana wa kompresa anayepima kwa kupiga teke. Teke lake lilikuwa linasema "poa" siku zote. Nilinunua kipimo changu kwa Sh15,000, na siku ya kwanza nikakuta tairi mbili za mhimili mmoja zinatofautiana sana, zote zimepigwa teke zikapita. Upepo ukiwa mdogo tairi linalika mabegani na linachemka. Ukizidi linalika katikati. Napima Jumatatu alfajiri kabla gari halijatembea, maana tairi likishapata moto kipimo kinapanda na kukudanganya. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibao pale mlangoni kwa dereva, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Nilikaa na gari hilo miaka mitatu sijawahi kukisoma kile kibao, nikidhani ni tangazo la kiwanda.

Mpwa wangu aliyeko chuoni aliniambia Marekani kuna matairi ya namna hii yanayouzwa na dhamana ya maili 70,000, ambayo ni karibu kilomita 113,000. Sikatai. Ila dhamana hiyo ni ya barabara za kwao, na ina masharti yake ya kuzungusha matairi. Alinionyesha pia kwamba baadhi ya matairi yana neno TREADWEAR ubavuni na namba kama 400 au 600. Ni utaratibu wa serikali ya Marekani: tairi la kulinganishia linapewa 100, na lenye 600 maana yake kwenye majaribio lilisagika taratibu mara sita. Namba hiyo mwenye kiwanda ndiye anayeitangaza, kwa hiyo inafaa zaidi kulinganisha matairi ya kiwanda kimoja kuliko ya viwanda viwili. Na matairi mengi ya magari ya mizigo, yale yenye herufi LT, hayana namba hiyo kabisa. Ukikosa usidhani ni feki.

Nimtendee haki mwandishi wenu. Mwenye gari la kuingia misituni kila siku, anayeshinda kwenye udongo mweusi wa mbuga kuanzia Desemba hadi Aprili, afunge A/T, yaani ya njia mchanganyiko, na kama hagusi lami kabisa afunge hata M/T, yale ya matopeni. Mimi mwenyewe Februari 2021 nilizama njia ya Kitunda na matairi yangu "ya teksi". Tulichimba, tukaweka matawi, tukapunguza upepo, gari likazidi kukaa chini kama kuku anayetaka kuatamia. Jozi mbili za ng'ombe zilitutoa jioni, nikalipa Sh60,000 na ndoo ndogo ya asali juu yake. Nimeandika kwenye daftari. Kwa kilomita 78,600 hata hiyo haifiki shilingi moja kwa kilomita, na tangu hapo nabeba jembe, mbao mbili na pampu ya kurudishia upepo. Vumbi na changarawe kavu za kwetu, H/T zinazimudu bila shida ukienda polepole, ila vijiwe vinavyojibana kwenye mifereji vitoe kwa bisibisi jioni kabla havijajichimbia.

Kwa hiyo mwombe mwandishi wenu, kabla hajamwambia mtu wa Tabora au Kigoma afunge nini, amuulize kwanza: katika kilomita kumi unazotembea, ngapi ni za lami? Mzigo wako ni kilo ngapi, si ndoo ngapi? Na mkipata nafasi chapeni picha kubwa ya ubavu wa tairi mkizungushia duara zile tarakimu nne za wiki na mwaka, maana kuna maduka ambayo tairi linafungwa kwenye rimu upande huo ukiwa umetazama ndani, na muuzaji anakuharakisha ulipe. Kwenye mitumba mimi sisogei tena. Na hata jipya, kama limekaa miaka mitano stoo, namwachia mwenye duka.

Akipita Tabora namkaribisha nyumbani, asali ipo. Nitamwomba tu aegeshe gari lake kwenye kivuli cha mwembe, kisha nichukue chaki.

Mama Asali,
Isevya, Tabora